Moto wa Juu: Jinsi Pita ya Bosnia Inavyookwa

Pita ya Bosnia ni unga wa ngano uliovutwa ukawa mwembamba, ukajazwa na kuokwa. Ya nyama ni burek, ya jibini sirnica, ya spinachi zeljanica, ya viazi krompiruša. Anayeagiza burek Sarajevo huletewa ya nyama tu. Ufundi huu ulienea nchini humo katika enzi za Waosmani, walioiteka Bosnia mwaka 1463.

Tuanze na donge. Unga hukandwa kwa maji na chumvi mpaka ulainike. Kukanda hujenga gluteni, yaani utando wa protini za ngano unaolifanya donge livutike bila kukatika. Lakini donge lililokandwa sasa hivi likivutwa hurudi nyuma. Kwa hiyo hupakwa mafuta na kuachwa litulie: gluteni hulegea, na mafuta huzuia uso usikauke. Kisha mpishi huliweka juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, hupitisha mikono chini yake, na kulivuta taratibu kuelekea kingo hadi kitambaa kionekane kwa upande wa pili. Utando huo ndio jufka. Ukibaki mnene, katikati ya pita hapataiva.

Burek hujazwa nyama mbichi iliyokatwakatwa ndogo, kitunguu, chumvi na pilipili manga. Jufka huviringishwa kuwa kamba ndefu, kisha kamba hiyo huzungushwa ndani ya tepsija, sinia ya duara ya kuokea.

Hapa pana ugumu. Nyama inatoa maji, na tabaka za juu zinatakiwa zikauke. Moto wa chini peke yake utaunguza kitako kabla juu hakujaiva.

Jibu la kale ni sač, kifuniko cha chuma chenye umbo la kuba. Tepsija hukaa juu ya makaa, sač huifunika, na makaa mengine humwagwa juu ya sač. Mpishi wa pwani yetu anayepalia moto mkate wa kumimina ataitambua kazi hii mara moja.

Chuma kilichopata moto hushusha joto moja kwa moja juu ya unga. Maji yaliyomo hugeuka mvuke unaosukuma tabaka zitengane, na mafuta yaliyo kati yake huzizuia zisigandane tena. Kwa kuwa nafasi chini ya kuba ni ndogo, sehemu ya mvuke hubaki humo na nyama haikauki. Mpishi hurekebisha joto kwa kuongeza au kupunguza makaa ya juu; anategemea jicho na pua.

Pita huliwa ingali moto, pamoja na mtindi wa kunywa usiotiwa sukari, ambao uchachu wake hukata mafuta.

Oveni ya umeme nayo hutoa joto juu na chini, na nyumba nyingi za Bosnia huoka pita nzuri humo. Kwa hiyo sioni haja ya kuwasha makaa kwa ajili ya krompiruša, maana viazi havina mchuzi wa kupoteza. Burek ni jambo jingine. Nyama iliyoingia mbichi inahitaji mvuke wake ubaki karibu, na kwa kazi hiyo sač bado inaishinda oveni.