Sura ya Saba: Saa Iliyookolewa ni ya Nani?

Mwalimu wa shule ya msingi kule Mkalama au Ikungi, Tanzania, akikwambia amechoka, muulize kwanza amechoshwa na nini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu sugu wa kazini kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kuikinai kazi, na kuona kwamba unachofanya hakizai kitu. Akili mnemba haizigusi zote sawasawa.

Madaftari kwanza. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika madarasani, ilhali kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Chukua darasa la watoto 90: ukisahihisha kila daftari kwa dakika 2 tu, saa 3 zimekwenda, na hilo ni somo moja. Hapa ChatGPT haikufai sana. Kazi imeandikwa kwa penseli. Kupiga picha kurasa 90 na kuzipakia kwa bando la mfukoni mwako ni kujiongezea mzigo.

Inakosaidia ni kwenye maandalizi, na chombo mara nyingi kipo: baada ya sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Azimio la kazi, andalio la somo, maswali ya jaribio la Ijumaa, vyote hupata rasimu kwa dakika chache. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 ulizidisha haja hiyo, maana maandalio ya zamani yalipitwa na wakati. Rasimu lazima ipitiwe, kwani mashine haioni ajabu kuwatungia hesabu za treni za chini ya ardhi watoto wanaojua magunia ya alizeti na vitunguu. Hata hivyo kurekebisha ni kwepesi kuliko kuanza patupu. Ila mthibiti ubora akidai andalio la mkono, mwalimu ataketi kunakili alichoandikiwa na mashine. Sijui kazi inayokinaisha kuliko hiyo.

Tuseme saa moja imeokolewa. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, unasubiri kujazwa, moduli za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, nazo zinasubiri, na mwalimu mkuu akijua kwamba andalio sasa ni la dakika kumi, atampangia mwalimu vipindi zaidi. Hapo dalili ya kwanza imehamishwa tu, haijatibiwa. Ya tatu mashine haiiwezi kabisa: hupungua siku mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa hajui kusoma anapoimaliza sentensi, na mtoto huyo anahitaji mtu wa kuketi naye. Mwalimu mkuu anayetaka kuleta akili mnemba aanzie kwenye ratiba, aiandike saa hiyo kwa jina la mwalimu, na asiiguse.