Kuongeza Kidhibiti Volteji Katika Programu ya Kuigia Saketi

Kidhibiti volteji ni kijenzi kinachoshikilia volteji ya kutoka isiyumbe, hata volteji ya kuingia ikipanda na kushuka. Kidhibiti cha 7805, kwa mfano, hutoa volti 5. Kisipokuwemo katika programu ya kuigia saketi, mtumiaji anaweza kukiongeza mwenyewe.

Programu nyingi za aina hiyo zimejengwa juu ya SPICE, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. SPICE haisomi mchoro. Husoma orodha ya maandishi inayotaja kila kijenzi na mahali kilipounganishwa. Kwa hiyo kijenzi kina sehemu mbili: alama, ambayo mtu huiona, na modeli, ambayo kompyuta huitumia kupiga hesabu.

Modeli ya kidhibiti ni saketi ndogo iliyopewa jina moja. Huandikwa katika faili kati ya amri .SUBCKT na .ENDS. Ndani yake huwa na volteji ya rejea, kikuzi kinacholinganisha volteji hiyo na ile ya kutoka, na transista inayopitisha mkondo.

Kisha alama huunganishwa na modeli. SPICE hulinganisha miguu kwa mpangilio wake, wala haijali majina. Katika kidhibiti cha LM317, kwa mfano, mguu wa kwanza wa kijenzi halisi ni wa kurekebishia, wa pili wa kutolea, wa tatu wa kuingizia; lakini modeli yaweza kuanza na wa kuingizia. Mpangilio ukipishana, hesabu itaendelea na majibu yatakuwa ya uongo.

Ndiyo maana jaribio ni lazima. Weka kikinza cha omu 10 upande wa kutolea wa 7805, kisha pandisha volteji ya kuingia kutoka 0 hadi 15. Volteji ya kutoka inapaswa kupanda pamoja nayo, ikiwa chini kidogo, hadi ya kuingia ikaribie volti 7; kuanzia hapo itulie kwenye 5.

Bado kuna joto. Volti 12 zikiingia na ampia 1 ikipita, kidhibiti hubeba tofauti ya volti 7, yaani wati 7 za joto. Modeli isiyohesabu joto itaonyesha volti 5 bila wasiwasi, ilhali kijenzi halisi kisicho na kipoza joto kitajizima.

Basi, kijenzi hakijaongezwa kwa kuonekana tu kwenye skrini. Kimeongezwa pale tabia yake inapolingana na maelezo ya mtengenezaji, na mtumiaji anapojua modeli imeacha nini.