Baiskeli ya gia za ndani: ihudumie kwanza ndipo uipost

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na mnaouza baiskeli za mtumba mtandaoni. Kuna zile ambazo gia zake huzioni, zimefichwa ndani ya habu ya nyuma. Huku kwetu Heru Juu, Kasulu, ni milima tu, kwa hiyo wateja wanazipenda. Lakini gia ikikwepa mtu akiwa kwenye mlima na mkungu wa ndizi nyuma, pedeli inazunguka bure na anaanguka. Hapo siyo refund tu, mtu anaumia.

Za gia 3 utakutana sana na Shimano Nexus ya Japani au Sturmey-Archer, kampuni iliyoanzia Nottingham, Uingereza, mwaka 1902. Mimi nafuata hatua hizi:

1. ANZA NA WAYA. Hii haina gharama. Weka gia ya 2. Kwenye Nexus, angalia kidirisha cha kile kisanduku cha pembeni ya ekseli: alama ikae katikati ya mistari. Kwenye Sturmey-Archer AW, chungulia tundu la nati ndefu ya kulia: mwisho wa kile kijiti cha kicheni ulingane na mwisho wa ekseli. Haulingani? Zungusha kirekebisha waya. AW ina sehemu kati ya gia ya 2 na ya 3 ambapo pedeli haishiki kabisa. Watu wanasema habu imekufa, kumbe ni waya tu.

2. OILI. AW za zamani zina kitundu cha oili kwenye habu. Weka kijiko kimoja cha chai cha oili nyepesi. Mafuta ya kupikia usiguse, yanageuka gundi. Nexus yenyewe inatumia grisi, kwa hiyo usiimiminie mafuta ya taa ikiwa imefungwa. Utaosha grisi yote ibaki kavu.

3. KUFUNGUA NI MWISHO. Kama bado inakwepa, tandika kitambaa cheupe, na kila kipande unachotoa piga picha kwa mpangilio. Osha kwa mafuta ya taa, kausha vizuri. Vile vijino vyenye springi za AW vipe oili nyepesi tu. Grisi nzito inavigandisha, habu inateleza. Grisi weka kwenye gololi. Gololi yenye vidonda, badilisha. Meno ya gia yakiwa yamevunjika, usirudishe. Iuze kama spea na useme ukweli.

4. JARIBU NA MZIGO. Anza tambarare ukiwa umekaa, pitia gia zote 3, halafu panda mlima. Ukirudi kaza nati tena.

Sasa biashara. Zile picha ulizopiga ndiyo tangazo lako. Weka na video fupi gia zikibadilika 1, 2, 3, na andika tarehe ya huduma. Mafuta ya taa, oili, waya na saa zako, vyote viandike kwenye daftari na viingie kwenye bei. Mteja wa mbali haoni baiskeli, anaona simu yako tu. Akiuliza "bei ya mwisho?", unamtumia picha za habu ikiwa wazi na safi, halafu mnaongea bei vizuri.

Baiskeli ambayo hujaipandisha mlima mwenyewe, usiipost.