Maandalizi ya kusafirisha mifugo kwa lori kutoka Simiyu: mambo ya kuzingatia kabla ya safari

BARIADI: Safari ya ng'ombe kutoka Bariadi mkoani Simiyu hadi mnada wa upili wa Pugu, Dar es Salaam, ni ya zaidi ya kilomita 1,000. Lori hupita Maswa, hutokea Mwigumbi kwenye barabara ya Shinyanga–Mwanza, kisha huelekea Nzega, Singida na Dodoma. Ng'ombe akianguka ndani ya lori lililosongamana, mara nyingi hashindwi tu kuinuka, bali pia hukanyagwa na wenzake. Mfugaji au mfanyabiashara huweza kupoteza kwa usiku mmoja mali iliyotunzwa kwa miaka kadhaa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo huzuilika kabla lori halijaondoka.

Kibali na utambuzi

Hatua ya kwanza ni kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho hutolewa baada ya mifugo kukaguliwa na mtaalamu. Usafirishaji wa mifugo unasimamiwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, kwa lengo la kuzuia magonjwa kama homa ya mapafu ya ng'ombe na ugonjwa wa miguu na midomo yasienee kutoka eneo moja hadi jingine. Idadi ya mifugo iliyomo ndani ya lori, mahali inakotoka na inakokwenda vinapaswa kulingana na maelezo ya kibali, kwa kuwa ndivyo vinavyoangaliwa katika vituo vya ukaguzi njiani.

Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo ilizinduliwa wilayani Bariadi mwezi Juni 2025. Mnyama aliyechanjwa na kuvishwa hereni hutambulika kwa urahisi, na asili yake hufuatilika iwapo ugonjwa utajitokeza huko aendako.

Mnyama asiyefaa kusafiri

Si kila mnyama aliyeuzwa anafaa kupakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani unaelekeza wasisafirishwe wanyama wagonjwa, waliojeruhiwa au waliochoka, wasioweza kusimama wenyewe kwa miguu yote, na wasioona kwa macho yote mawili. Wamo pia ndama ambao vitovu vyao havijapona, na majike walio katika asilimia 10 ya mwisho ya muda wa mimba. Kwa ng'ombe, huo ni takriban mwezi mmoja kabla ya kuzaa. Kumwacha nyumbani mnyama wa aina hiyo ni nafuu kuliko kumshusha mzoga njiani.

Lori na upakiaji

Mwenye mifugo anashauriwa kulikagua lori mwenyewe: matairi, breki, taa, milango na kingo za ubavuni. Misumari iliyochomoza na mbao zilizovunjika huondolewa. Sakafu hutandikwa mchanga au nyasi kavu ili kwato zisiteleze, kwa sababu mkojo na kinyesi huilowesha mapema.

Mifugo ipewe maji ya kutosha kabla ya kupakiwa, na ipandishwe kwa utulivu kupitia kipakilio chenye mteremko wa wastani. Kuwapiga, kuwapinda mikia au kuwachoma kwa vitu vyenye ncha huwatia hofu na kuwajeruhi. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Madume wakali, wenye pembe ndefu na wanyama wadogo hutenganishwa kwa vizuizi imara. Mbuzi, kondoo na punda wasichanganywe na ng'ombe.

Nafasi nayo ina kipimo chake. Wakibanana mno, aliyeanguka hakosi kukanyagwa. Wakiachiwa nafasi kubwa mno, hurushwa huku na huko kila dereva anapofunga breki. Kuongeza ng'ombe wawili juu ya uwezo wa lori ili kupunguza gharama kunaweza kumgharimu mwenye mali wengi zaidi ya hao wawili.

Njiani na baada ya kufika

Dereva aendeshe kwa mwendo wa wastani, akipunguza mwendo mapema kwenye kona na matuta. Msimamizi wa mifugo awakague muda mfupi baada ya kuondoka, kisha kila lori linaposimama, ili aliyeanguka asaidiwe kuinuka mapema. Joto hupanda haraka ndani ya lori lililosimama juani. Hivyo mapumziko yafanyike kivulini na yasiwe marefu bila sababu. Katika safari ndefu kama ya Pugu, mahali pa kushusha, kunywesha na kupumzisha mifugo papangwe tangu mwanzo, si kutafutwa wakati wanyama wamekwisha kuchoka.

Mifugo ikifika ishushwe taratibu, inyweshwe na kupumzishwa kabla ya kuuzwa. Ng'ombe hupungua uzito safarini, na aliyechoka au mwenye majeraha hushusha bei mbele ya mnunuzi. Baada ya hapo lori lisafishwe na kunyunyiziwa dawa ya kuua vimelea, ili lisirudi Simiyu likiwa limebeba ugonjwa.

Wafugaji na wafanyabiashara wanashauriwa kuwaona maafisa mifugo wa kata au halmashauri zao mapema, kabla ya kukodi lori, ili ukaguzi na kibali vikamilike kabla ya siku ya safari.