"Bangi" ya maabara: sumu ya figo, moyo na ubongo

Wazazi wengi wa Mpanda wanaijua bangi kwa harufu yake. Ipo nyingine ambayo pua inaweza isiitambue. Hii ni kemikali inayotengenezwa maabara, ikayeyushwa na kunyunyiziwa kwenye majani makavu ya kawaida, kisha ikavutwa kama sigara. Usiichanganye na skanka, ambayo ni bangi halisi yenye kilevi kingi.

Je, tofauti ni nini? Kilevi cha bangi kikifika kwenye ubongo hufungua mlango nusu. Kemikali hizi huufungua wote, na nyingine zina nguvu mara nyingi zaidi. Tena hazinyunyiziwi sawasawa. Vijana wawili wanaweza kuvuta pakiti moja, mmoja akalewa na mwenzake akaanguka.

Madhara mwilini

Ubongo: kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, degedege na kupoteza fahamu.

Moyo: mapigo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda, na hata shambulio la moyo kwa kijana asiyekuwa na ugonjwa wowote.

Figo: mwaka 2012 nchini Marekani, watu 16 katika majimbo 6 waliharibikiwa figo ghafla baada ya kuvuta kemikali hizi. Mdogo wao alikuwa na miaka 15. Watano walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Wengi walianza kwa kutapika na maumivu ya tumbo, ubavu au mgongo, dalili ambazo sisi tungezidhania malaria au vidonda vya tumbo.

Damu: mwaka 2018 katika jimbo la Illinois, watu zaidi ya 150 walitokwa na damu kwa sababu kemikali hizo zilichanganywa na sumu ya panya. Baadhi yao walifariki.

Wala tusiseme hayo ni ya ng'ambo tu. Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya dawa iitwayo kush. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2025 vilikuta kemikali za aina hii katika baadhi ya sampuli, na katika nyingine afyuni kali za maabara.

Ufanye nini?

Kijana akianguka, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimnyweshe maziwa wala maji kwa nguvu, yataingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na uchukue kipande au pakiti iliyobaki. Mweleze daktari ukweli, kwani kipimo cha kawaida cha mkojo cha bangi hakizioni kemikali hizi. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hii. Daktari hutuliza degedege, huongeza maji mwilini na kulinda figo, hivyo kila saa ina thamani. Mkojo ukipungua au ukiwa na rangi ya chai kavu, usisubiri kesho.

Wapo vijana wanaojitetea kuwa majani haya si pombe wala si bangi. Lakini hukumu iko kwenye ulevi, si kwenye jina.

Ndugu mzazi, aibu ndiyo inayotuchelewesha. Tunamficha mtoto chumbani watu wasijue, na huku figo zinakufa. Mwili ni amana. Mwokoe kwanza, maonyo yatafuata akishapona.