Mchwa Hawapumziki Msimu wa Kipupwe: Nguzo za Nyumba Zikaguliwe Kabla ya Vuli

Nyumba za miti na udongo ni za kawaida katika Kata ya Ruaruke, wilayani Kibiti, kama ilivyo katika maeneo mengine ya delta ya Mto Rufiji. Uimara wake hutegemea nguzo na boriti, na adui mkubwa wa miti hiyo ni mchwa.

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na hewa kuwa ya baridi na kavu, mchwa huonekana kwa nadra. Kumbikumbi, ambao ni mchwa wenye mabawa, huruka zaidi nyakati za mvua. Hata hivyo, utulivu huo haumaanishi kuwa wameondoka. Baadhi ya mchwa wajenzi wa vichuguu hulima kuvu ndani ya kiota, ambamo joto hubaki karibu nyuzi 30 za Sentigredi hata nje kukiwa na baridi. Kutoka humo, mchwa watendakazi hufika ukutani kwa kupitia njia za udongo zinazowakinga na ukavu.

Wapo chungu wanaotoboa mbao ili kupata makazi tu, lakini mchwa huila mbao yenyewe. Huanzia ndani na kuacha ganda la nje, hivyo nguzo huweza kuonekana nzima ilhali imebaki tupu. Aidha, katika ukuta wa udongo njia zao hufanana na ukuta wenyewe, na ni vigumu kuzitambua kwa macho.

Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kugonga kila nguzo kuanzia chini hadi penye paa. Mlio wa uwazi, au mti unaobonyea kwa ncha ya kisu, ni dalili ya uharibifu. Nguzo ya aina hiyo isiondolewe kabla ya paa kuwekewa mhimili wa muda. Kuni na magugu visirundikwe ukutani.

Viuatilifu vya mashambani, vikiwemo vya mikorosho, visitumike ndani ya nyumba. Kitumike kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa ajili ya mchwa wa majengo, kwa kufuata maelekezo ya lebo. Kwa wanaohitaji boriti mpya za mikoko, uvunaji wake unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Ni vyema ukarabati ukamilike kabla ya mvua za vuli, ambazo kwa kawaida huanza Oktoba. Udongo wa ukuta ukilowa huongezeka uzito, na nguzo iliyoliwa ndani haiwezi kuubeba.