Barua ya kusitisha bima: soma tarehe kwanza

Mwani ukishakauka pale Mlingotini, wilayani Bagamoyo, hufungwa kwenye magunia na kuwekwa ghalani kusubiri mnunuzi. Ghala likiungua, jasho la miezi linapotea usiku mmoja. Bima inaweza kumwinua tena mwenye mali, lakini wengi huifungia hati kabatini bila kuisoma.

Hati ya bima ndiyo mkataba. Ada ni fedha anayolipa mkata bima, na fidia ni malipo anayopata akipatwa na janga lililotajwa katika hati. Bima ya moto pekee hailipi wizi.

Hati nyingi pia hutaja kiasi ambacho mkata bima atabeba mwenyewe. Kikiwa Sh200,000 na hasara ni Sh1,000,000, kampuni hulipa Sh800,000.

Wengine hupunguza thamani ya mali ili walipe ada ndogo. Hilo huwarudi. Bidhaa za Sh10 milioni zikikatiwa bima ya Sh5 milioni, kisha moto ukateketeza za Sh4 milioni, kampuni inaweza kulipa Sh2 milioni tu, kwa kuwa nusu ya mali haikuwa na bima.

Barua ya kusitisha bima ndiyo inayohitaji haraka. Bima kuisha muda ni jambo la kawaida: mwaka umekwisha, mteja anatakiwa kulipa upya. Kusitishwa ni mkataba kukatwa kabla ya mwisho wake, mara nyingi kwa sababu ada haikukamilika au maelezo ya mteja hayakuwa ya kweli.

Kitu cha kwanza kutazama ni tarehe ambayo kinga inakoma. Hasara ikitokea kabla ya siku hiyo, bado mteja ana haki ya kudai. Ikitokea kesho yake, mzigo ni wake. Cha pili ni sababu. Kama ni ada, awahi kulipa na kudai stakabadhi pamoja na maandishi kwamba bima inaendelea. Ahadi ya wakala kwa mdomo haitoshi.

Cha tatu ni marejesho. Kwa kawaida kampuni ikisitisha yenyewe, hurudisha ada ya muda uliobaki. Aliyelipa Sh360,000 kwa mwaka, bima ikakatwa baada ya miezi minne, angerudishiwa Sh240,000. Mteja akisitisha mwenyewe, huweza kupata pungufu ya hapo.

Barua hutumwa kwa anwani iliyo katika hati. Anayetumia sanduku la posta la ndugu, au aliyebadili namba ya simu, aiarifu kampuni mapema, la sivyo tarehe itapita bila yeye kujua.

Asiyeridhika aanze kwa kulalamika kwa kampuni kwa maandishi. Akikwama, zipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, zote zikitambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Aende na hati, stakabadhi na barua yenyewe.